Gurudumu la Kamera Linapokataa Kutii: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Hitilafu

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, majira ya kiangazi ndiyo majira ya shughuli. Wali hutolewa ndani, vijana hurudi kutoka jandoni, harusi hufungwa, na kiangazi kinapokaribia kwisha korosho huvunwa na kupelekwa ghalani kungojea mnada. Katika mambo hayo yote mpiga picha huhitajiwa. Ujira anaoupata katika miezi hiyo michache aghalabu ndio unaomtunza yeye na jamaa zake mpaka mvua za masika zitakapokwisha.

Hivyo kamera inapoharibika katika majira hayo, hasara yake si ndogo. Mwali hutoka ndani mara moja tu, na picha ambayo haikupigwa siku ile haiwezi kupigwa siku ya pili. Tena mafundi wa kamera ni wachache. Wengi wao wako Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500 kutoka Nachingwea. Kamera ikipelekwa huko, huenda ikarudi msimu umekwisha.

Mojawapo ya hitilafu zinazotokea mara nyingi katika kamera za dijitali ni ile ya gurudumu la kuongozea, yaani kile kigurudumu chenye meno madogo kinachozungushwa kwa kidole gumba au kwa kidole cha shahada. Gurudumu huzungushwa kulia, nalo hesabu huenda kushoto. Au huzungushwa mara 5, na hesabu ikasogea mara 2. Au halifanyi lolote kabisa. Wengi huamua papo hapo kwamba kamera imekufa. Uamuzi huo mara nyingi si sahihi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi gurudumu hilo linavyofanya kazi, kwa nini hupotoka, na ni hatua zipi mtu asiye fundi anaweza kuzifuata ili apate kujua chanzo cha hitilafu.

GURUDUMU LA ZAMANI NA GURUDUMU LA SASA

Katika kamera za filamu za zamani gurudumu lilikuwa chombo cha nguvu. Lilishikamana na nyenzo na meno ya chuma, na mpiga picha alipolizungusha alikuwa akisogeza vyuma vilivyokuwa vikiongoza shata moja kwa moja. Likigoma, sababu ilikuwa chuma kilichopinda, springi iliyokatika au mafuta yaliyoganda.

Mambo yalibadilika pole pole. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak huko Marekani aliunda kamera ya dijitali iliyopiga picha ya nukta 10,000 tu, na kila picha ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika kaseti. Mwaka 1986 kampuni ya Canon ya Japani ilitoa kamera ya filamu iliyoitwa T90. Kamera hiyo ilikuwa na gurudumu moja karibu na kidude cha kupigia picha, nalo halikusogeza chuma chochote cha shata. Kazi yake ilikuwa kupeleka ishara za umeme kwenye ubongo wa kamera. Mpango huo ndio unaotumika katika kamera nyingi za dijitali hadi leo.

Kwa hiyo gurudumu la sasa ni mjumbe. Halibadilishi kasi ya shata wala upana wa tundu la lenzi. Huarifu tu kwamba mwenye kamera anataka mabadiliko. Basi hitilafu yaweza kuwa mahali patatu: kwa anayetoa amri, kwa mjumbe mwenyewe, au kwa anayepokea ujumbe. Uchunguzi wote unaofuata una lengo moja, nalo ni kutenganisha mahali hapo patatu.

LUGHA YA 0 NA 1

Chini ya gurudumu mna kisahani chenye njia za umeme, na juu yake zimelala ndimi mbili nyembamba za chuma. Ndimi hizo na ziitwe A na B. Ulimi ukigusa njia ya umeme, kamera husoma 1. Ukiwa mahali pasipo na njia, kamera husoma 0. Ndimi zimepangwa kwa namna ambayo mmoja hutangulia mwenzake kidogo. Gurudumu likizungushwa kulia, kamera husoma mfuatano huu:

Kwanza: A ni 0, B ni 0.
Pili: A ni 1, B ni 0.
Tatu: A ni 1, B ni 1.
Nne: A ni 0, B ni 1.

Kisha mfuatano huanza upya. Likizungushwa kushoto, mfuatano husomwa kinyume. Kamera hutambua upande wa mzunguko kwa kuangalia ni ulimi upi uliobadilika kwanza. Ikumbukwe pia kwamba katika kila hatua ni ulimi mmoja tu unaobadilika. Utaratibu wa namba wa aina hii hujulikana kwa jina la Frank Gray, mtafiti wa maabara za Bell huko Marekani, aliyeomba hataza yake mwaka 1947 na kupewa mwaka 1953. Faida yake ni kwamba kamera ikisoma hatua mbili zilizobadilika kwa pamoja, hujua kuwa pametokea kosa.

Ule mlio mdogo unaosikika wakati wa kuzungusha hautoki kwenye umeme. Husababishwa na springi na kigololi, au kijibati kilichopinda, kinachotumbukia katika vishimo vya gurudumu. Jambo hili lina maana kubwa katika uchunguzi: mlio ukiwa mzuri ilhali hesabu imepotoka, sehemu ya chuma ni nzima na sehemu ya umeme ni gonjwa. Mlio ukipotea na gurudumu likalegea, sehemu ya chuma ndiyo iliyovunjika, na hapo kusafisha hakutasaidia kitu.

MAVUMBI MAWILI YENYE TABIA MBILI

Ndimi na njia zake hugusana kwa shinikizo dogo sana. Tandu jembamba lisiloonekana kwa macho latosha kuzuia umeme. Katika Nachingwea na Ruangwa vumbi jekundu la barabarani huingia kila mahali, na chembe zake za mchanga hukwaruza. Lakini zaidi ya vumbi hilo la kawaida, wilaya hizi zina mavumbi mawili yanayostahili kuelezwa peke yake.

La kwanza ni salfa. Wakulima wa korosho huipuliza mikorosho inapotoa maua, aghalabu alfajiri wakati hewa imetulia, ili kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Salfa haipitishi umeme. Pamoja na hayo, ina tabia ya kuungana na fedha na shaba na kufanya tandu jeusi. Mtu aliyewahi kuona pete ya fedha ikigeuka nyeusi amekwisha kuliona jambo hilo. Ndimi za gurudumu zikiwa zimepakwa fedha, au zikiwa za mchanganyiko wenye shaba, huweza kupatwa na weusi huo. Zikiwa zimepakwa dhahabu husalimika, kwa maana dhahabu haiungani na salfa kwa urahisi namna hiyo.

La pili ni kinywe. Wilaya ya Ruangwa ina hazina ya madini haya, katika maeneo kama Chilalo. Kinywe ndicho kitu cheusi kilichomo ndani ya kalamu ya risasi, na tabia yake ni kinyume cha salfa, kwani hupitisha umeme. Msomaji mwenye mita ya kupimia umeme anaweza kuhakikisha mwenyewe: achore mstari mnene kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi, kisha aguse ncha mbili za mstari huo kwa nyaya za mita. Mita itaonyesha kwamba umeme unapita. Basi vumbi la kinywe likiingia kati ya njia mbili za umeme laweza kuziunganisha mahali pasipotakiwa.

Kutokana na hayo, dalili nazo hutofautiana. Tandu lisilopitisha umeme huifanya kamera isisome amri iliyotolewa. Vumbi linalopitisha umeme, kama vile unyevu na jasho, huifanya isome amri ambayo haikutolewa.

HATUA ZA UCHUNGUZI

Hatua ya kwanza: Kuchunguza amri. Yafaa kuhakikisha kwamba kamera haiko katika hali ya kujiendesha yenyewe, kwa kuwa katika hali hiyo magurudumu mara nyingi hayana kazi. Kamera nyingi zina swichi ndogo ya kufunga gurudumu, nayo huweza kusukumwa na mkoba bila mwenyewe kujua. Kisha betri itolewe kwa dakika chache, irudishwe ikiwa imejaa, na kamera irudishwe katika mipangilio yake ya kiwandani. Hatua hii haina gharama, na si mara chache hitilafu huishia hapo.

Hatua ya pili: Kuhesabu milio. Kamera iwekwe katika hali ya kuongozwa kwa mkono, ile yenye alama ya M, na kasi ya shata iwe 1/125. Ikiwa kamera imepangwa kubadilika kwa theluthi moja ya hatua, milio 9 ya kuongeza kasi haina budi kuifikisha 1/1000, kwa mpangilio huu: 1/160, 1/200, 1/250, 1/320, 1/400, 1/500, 1/640, 1/800, 1/1000. Kisha irudishwe milio 9, nayo lazima iishie 1/125 ilipoanzia. Jaribio hili lifanywe mara 5 pole pole na mara 5 kwa haraka, na matokeo yote yaandikwe. Bila kuandika, mtu hukumbuka makosa na kusahau mara gurudumu lilipofanya vizuri.

Hatua ya tatu: Kubadilishana kazi. Kamera nyingi zenye magurudumu mawili huruhusu kazi za magurudumu hayo kubadilishwa katika orodha ya mipangilio. Zibadilishwe, ili gurudumu bovu liongoze tundu la lenzi na lile zima liongoze kasi ya shata. Ikiwa ubovu umelifuata gurudumu, mjumbe ndiye mgonjwa. Ikiwa ubovu umebaki kwenye kasi ya shata, basi gurudumu halina hatia, na chanzo kitafutwe katika mipangilio au katika ubongo wa kamera.

Hatua ya nne: Kusoma dalili. Matokeo yaliyoandikwa sasa yaweza kufasiriwa kama ifuatavyo:

(a) Baadhi ya milio haisomwi, bila utaratibu wowote: ndimi au njia zimeshika uchafu au tandu.

(b) Hesabu husogea upande mmoja tu hata gurudumu lizungushwe vipi, au huenda mbele na kurudi palepale: ulimi mmoja kati ya A na B umekufa. Kamera huona badiliko, lakini haina wa pili wa kumlinganisha naye, hivyo haiwezi kujua upande wa mzunguko.

(c) Hakuna badiliko lolote, ingawa gurudumu la pili ni zima: ndimi zote mbili hazishiki, au waya unaozipeleka ishara umekatika au kuchomoka.

(d) Hesabu hubadilika yenyewe bila gurudumu kuguswa, hasa kamera inapotikiswa au siku za mvua: kuna unyevu au vumbi linalopitisha umeme.

(e) Mlio umepotea: springi, kigololi au gurudumu lenyewe limevunjika.

Katika hali ya (a) na (d) kuna matumaini mema kwamba kusafisha kutatosha. Katika hali ya (b) kusafisha kwafaa kujaribiwa. Katika hali ya (c) na (e) kamera haina budi kupelekwa kwa fundi.

GURUDUMU LA KUCHAGULIA HALI

Juu ya kamera nyingi kuna gurudumu jingine lenye herufi na alama, ambalo huchagua hali ya upigaji. Hili halihesabu milio, bali hueleza mahali lilipo. Kwa mfano ulio rahisi, ndimi 3 zaweza kupewa thamani ya 4, 2 na 1. Nafasi ya 5 husomwa wakati ulimi wa 4 na ulimi wa 1 vinapogusa. Nafasi ya 6 husomwa kwa ulimi wa 4 na wa 2. Ndimi 3 hutosha kutaja nafasi 8, kuanzia 0 hadi 7. Ndimi 4 hutosha kutaja nafasi 16.

Sasa na tuseme ulimi wa 2 umeshika tandu. Nafasi ya 2 itasomwa kama 0, ya 3 kama 1, ya 6 kama 4, na ya 7 kama 5. Nafasi za 0, 1, 4 na 5 zitabaki sahihi. Mpiga picha ataona kwamba nusu ya hali ni nzima na nusu zinapotoka, tena kila moja hupotoka kwa namna ileile kila siku. Utaratibu huo wa makosa ni ushahidi kwamba ubongo wa kamera ni mzima, na kwamba tatizo ni ulimi mmoja tu.

KUSAFISHA

Kamera izimwe, betri na kadi vitolewe. Vumbi la nje lifagiliwe kwa brashi laini iliyo kavu, kisha lipulizwe kwa kipulizio cha mpira cha mkono, kamera ikiwa imeinamishwa ili vumbi lianguke nje. Baada ya hapo gurudumu lizungushwe mara 50 hadi 100 kila upande bila umeme. Ndimi hujisugua zenyewe juu ya njia zake, na tandu jepesi huondoka. Jaribio la milio 9 lirudiwe.

Hitilafu ikiwa bado ipo, itumike alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, ile ambayo mafundi wa simu huitumia. Spiriti ya vidonda haifai, kwa maana aghalabu ina maji mengi. Tone moja au mawili yaachiliwe ukingoni mwa gurudumu kwa ncha ya kijiti au sindano butu, gurudumu lizungushwe, na kamera iachwe ikauke kwa saa kadhaa kabla ya kurudishiwa betri. Alkoholi hii hushika moto upesi, kwa hiyo itumike mbali na jiko na sigara. Ieleweke pia kwamba alkoholi huondoa mafuta na jasho, lakini haiyeyushi weusi wa salfa. Weusi huo huondolewa kwa kusuguliwa tu. Ukizidi, kisahani cha gurudumu hubadilishwa.

YASIYOFAA KUFANYWA

Mafuta ya taa, petroli na tina visitumike, kwa kuwa huharibu plastiki na mpira. Mafuta ya nazi au ya cherehani yasitiwe; gurudumu litalainika siku mbili, kisha litanasa vumbi zaidi kuliko kwanza. Kamera isipulizwe kwa mdomo, kwani mate ni maji yenye chumvi. Upepo wa mashine ya kujazia matairi nao ni hatari: una nguvu za kusukuma vumbi ndani zaidi, na mara nyingi hubeba maji na mafuta.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili: kamera isifunguliwe na mtu asiyejua kazi hiyo. Kamera yenye taa ya mmweko ina kihifadhi umeme kinachoweza kubeba volti 300 hivi, na umeme huo hubaki ndani hata baada ya betri kutolewa. Si mchezo, unaweza kumjeruhi mtu.

KAZI ISISIMAME

Gurudumu bovu halina maana kwamba kazi imekwisha. Kama shughuli ni ya kesho, kamera yaweza kuwekwa katika hali ambayo yenyewe huchagua kasi na tundu, na mwangaza ukarekebishwa kwa vibonye au kwa kugusa kioo, ikiwa kamera inaruhusu. Gurudumu likiwa linapotoka lenyewe, ni salama zaidi kulifunga kwa swichi yake kuliko kuliacha libadilishe kasi katikati ya ngoma. Mwenye kamera anayeyajua haya hatakataa kazi, wala hatalazimika kununua kamera nyingine kwa haraka na kwa bei asiyoimudu.

KINGA

Kamera ihifadhiwe katika chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya chembe za silika zinazonyonya unyevu. Mchele usitumike badala yake, kwa kuwa hunyonya kidogo na hutoa unga. Juu ya pikipiki kamera ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutiwa mkobani. Isitolewe shambani wakati salfa inapulizwa, wala isiwekwe katika chumba kimoja na mifuko ya salfa. Mtu aliyetoka mahali kinywe kinapochimbwa anawe mikono kwanza. Na gurudumu lizungushwe mara kwa mara hata msimu wa shughuli ukiwa umepita, maana ndimi zinazolala mahali pamoja miezi mingi hushika tandu upesi.

ZOEZI

1. Mpiga picha ameanzia 1/125 na kuzungusha milio 9 ya kuongeza kasi, akafika 1/640. Amerudisha milio 9, akaishia 1/200. Ni milio mingapi ambayo haikusomwa, na chanzo chaelekea kuwa nini?

2. Gurudumu likizungushwa kulia au kushoto, hesabu hupanda tu. Mlio ni mzuri. Ni sehemu gani iliyo gonjwa?

3. Katika gurudumu la kuchagulia lenye ndimi 3, nafasi za 0 hadi 3 ni sahihi, lakini ya 4 husomwa 0, ya 5 husomwa 1, ya 6 husomwa 2 na ya 7 husomwa 3. Ni ulimi upi usioshika?

MAJIBU

1. Kwenda, milio 7 ilisomwa na 2 ikapotea. Kurudi, milio 5 ilisomwa na 4 ikapotea. Jumla ni milio 6 kati ya 18. Kwa kuwa upotevu hauna utaratibu, chanzo chaelekea kuwa uchafu au tandu kwenye ndimi. 2. Ulimi mmoja kati ya A na B. 3. Ulimi wenye thamani ya 4.